Kuulizwa Mara ya Pili

Mke wa kijana wangu huongea kama mtu amebeba trei ya mayai. "Mum... sorry... naweza kusema kitu kidogo?" Ndivyo alivyonianza, kwa Kiingereza chake, pale jikoni kwetu Longbridge, Birmingham, mimi nikikunja nguo za mtoto. Hicho kitu kidogo chenyewe kilikuwa hiki: wazazi wake wamezeeka, kisiwani kwao kuna shule nzuri, na tangu mume wake afe hii nyumba inamlemea. Alitaka kurudi kwao Japani na mtoto. Lakini kwanza twende wote watatu wakati wa likizo, nikapaone kwa macho, ndio tuongee.

Kijana wangu alikuwa nesi. Jumatatu aliumwa na kichwa, Ijumaa tulikuwa tunachagua jeneza. Alichoniachia ni huyo mtoto mmoja, msichana wa miaka minane, na masikio ni yale yale ya babake, yamesimama kama ya sungura. Mimi ndiye nimemlea tangu atoke hospitali. Mimi ndiye nilikuwa nasimama geti la shule kwa mvua, na wale mama wa hapa wakinisalimia kama watu wamezibwa pua, "Orrait, bab? Freezin', innit?" Namjua vile anavyolala, vile anavyodanganya kwamba amepiga mswaki.

Rafiki yangu wa kanisa, Mkongo mmoja wa sauti ya tarumbeta, alinishika mkono ndani ya basi, Stratford Road, watu wote wakageuka. "Mama! Écoute! Ukinyamaza tu, mutoto ameenda! Ukifika kule useme! Useme mbele ya bazee!"

Nikamwambia nitasema. Na neno langu lilikuwa fupi: mniachie mtoto Birmingham amalize shule, likizo zote aje kwenu. Nikalibeba hilo neno kwa ndege masaa yote yale, na kwa treni, na kwa meli, kama mtu amebeba maji mdomoni.

Siku moja kabla ya kurudi, familia ikatoka kunitembeza kisiwa. Babake mke wa kijana wangu, mwenye mji, ni mzee mfupi wa kofia, anatembea mikono nyuma, na akiongea ni kama pikipiki imekataa kuwaka. "Hmmm. Haaa. Sooo." Akatupitisha kwa msitu wa mianzi, mirefu mpaka shingo inauma. Kwa kila mti yule mzee anasimama, anaupigapiga, ananguruma. Mke wa kijana wangu anatafsiri na mayai yake, "Mum, Dad anasema huu ni mzee sana."

"Mwambie hata mimi."

Akamwambia. Yule mzee akacheka "Ha!" mara moja tu, kisha akafunika mdomo kama ameiba. Mtoto akanivuta sketi, ananiita bibi kwa lugha ya kwetu, "Shosho, do him! Do him again!" Nikamwigizia babu yake, mikono nyuma, "Hmmm. Haaa," nikaupigapiga mti. Nyanyake wa pale akacheka mpaka akakaa chini kwa jiwe. Mama mpole, huyo. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingenisaidia.

Tukashuka baharini maji yakiwa yametoka, tukachimba vile vidude vya ganda kwa visu vidogo. Mimi ni mtu wa Nyeri, vitu vya mchanga sivijui. Nilipata viwili, mtoto alijaza ndoo. Miguu yake ilikuwa inajua mahali pa kukanyaga. Hilo nililiona, na nikajifanya sijaliona.

Halafu tukaenda kwa mama mmoja wa kupaka vitambaa rangi. Rangi wanaitoa kwa majani, inakaa kwa mapipa, inanuka kama kitu kimekufa jana. Unafunga kitambaa chako mafundo kwa uzi, unakizamisha, na kikitoka ni kijani. Ukikishika kwa hewa kinageuka buluu ukikiangalia, mbele ya macho yako na ya watu wote. Nikasema wee, hii ni kanisa gani?

Sasa hapo ndipo nilipoumia. Huyo mama alikuwa anamwuliza mtoto maswali kwa Kijapani, na mtoto anamjibu. Nyumbani nilikuwa nawasikia yeye na mamake na vimaneno vyao vya kulala, lakini hii haikuwa hiyo. Alikuwa anabishana! Anaonyesha kwa kidole, anasema hapana, anasema hivi, huyo mama anacheka, anakubali. Mimi tangu azaliwe namwongelesha Kiswahili na ananijibu "Okay, Shosho." Nilikuwa nimesema basi, lugha si kitu chake, ni mtoto wa Kiingereza. Kumbe mdomo upo. Nikaangalia mikono yangu, imekuwa buluu mpaka kwa kucha, nikajiambia, mama, usisahau kilichokuleta.

Jioni tukarudi kula. Wanakaa chini, na magoti yangu yalilalamika kama mabawaba ya mlango wa choo. Akaletwa samaki ambaye hajaona moto. Nikamfumbia macho nikammeza. Vile vidude vya ganda vikaja kwa supu. Viazi vitamu vikaja, hivyo tulielewana. Kila nikimaliza bakuli, nyanya wa pale anaongeza, "Dozo, dozo," na mimi namaliza ili niongee, na yeye anaongeza kwa sababu nimemaliza. Tungekuwa pale mpaka leo.

Maana kwetu, mgeni aliyebeba neno haanzi yeye. Analishwa, ananyweshwa, kisha wenye nyumba wanamwuliza. Kwa hivyo nilipoweza kulikimbiza bakuli mbali naye, nikapangusa mdomo, nikafunga kitambaa changu cha kichwa upya, nikanyoosha mgongo. Kwetu hata mtoto angeona, angejua huyu sasa anangoja kuulizwa.

Wakaniuliza chai. Nikasema hapana, nimeshiba. Wakauliza tena, nikasema hapana. Wakauliza tena, nikakunywa.

Kisha mke wa kijana wangu akasogea karibu, akapiga magoti mbele yangu, mikono juu ya mapaja. Hakuongea Kiingereza. Aliongea Kiswahili, polepole, vizuri, bila yai hata moja.

"Mama, tumekula, tumeshiba. Kuna neno?"

Nilishtuka. Hayo maneno hayakuwa yake. Ilikuwa sauti ya kijana wangu, vile alikuwa anapandisha hilo "neno" juu kidogo mwishoni, kama anafungua dirisha. Alikuwa amemfundisha. Sijui lini, labda usiku wakiongea vitu vya kwao wawili, akamwambia kwetu mama yangu huulizwa hivi. Nikatamani kumwambia auseme tena mstari huo, si kwa sababu ya mambo ya mtoto, ni nimsikie tu.

Na mimi nikajibu vile mtu huwa anajibu. "Aa, hakuna neno. Nimekuja kuwasalimia tu."

Ndivyo inavyojibiwa! Mara ya kwanza lazima ukatae, la sivyo utaonekana umekuja na njaa ya maneno. Unakataa, unaangalia chini, na mwenye nyumba anakuambia, "Hapana, mama, hukutoka mbali hivyo bure. Sema." Hapo ndipo unasema. Kijana wangu alikuwa amemfundisha nusu. Nusu nyingine aliondoka nayo.

Akageuka akawaambia kwa lugha yao. Yule mzee alikuwa amekaa wima kama anangoja hukumu, nikamwona pumzi inamtoka. Akaweka mikono chini, akalaza paji la uso mkekani mbele yangu, akakaa hivyo. Nyanya wa pale akashika aproni akafuta macho. Mke wa kijana wangu akanishika mikono yangu ya buluu, akarudi kwa Kiingereza chake. "Asante, Mum. Nilikuwa naogopa sana. Nilijua ukisema hapana, siwezi." Akasema April ndio shule zao zinafungua.

Nilikuwa na pumzi imejaa hapa kifuani, maneno yote yamepangwa. Lakini mzee wa watu amekulalia chini, utamwambiaje sasa ndio nataka kuanza?

Mtoto alikuwa kando yangu anamenya chungwa. Alisikia yote, kwa Kiswahili na kwa Kijapani, na hakuna mtu aliyekumbuka kwamba yeye ndiye peke yake aliyekua na lugha zote mbili. Akaniangalia usoni, sana, na hayo masikio yake.

"Shosho," akasema. "Are you sure?"

Ndiyo hiyo mara ya pili. Ilikuja. Ilikuja kutoka kwa mtu mmoja katika hicho chumba ambaye huwezi kumtwika mzigo huu, kwa sababu ukimwambia ataubeba, na atahisi anamwacha mmoja wetu kila siku ya maisha yake.

"Niko sure," nikamwambia. "Wewe menya upesi, unipe nusu."

Akanipa lote. Nikalila kipande kwa kipande, taratibu, kwa sababu mtu akitafuna hakuna anayengoja aongee.