Siku Niliyompeleka Papa Serafini Kwenye Treni Ndogo

Nilirudi Brussels kwa sababu ya simu moja. Nilikuwa karakanani kwangu Mwanga, Kigoma, mikono imejaa grisi, nikifungua jenereta ya hoteli moja ya ufukweni, Maman Odette aliponipigia.

"Diplome," aliniita, kwa jina nililopewa na Wakongo wa huko kwa ajili ya stashahada yangu, "kama unapenda kumuona Papa akiwa bado anajua batu, kuya sasa. Usingoje." Kwao batu ni watu, kuya ni kuja, na Papa ni baba au mzee.

Wasomaji wangu wa nyumbani mnanijua. Sikuinuliwa na mjomba wizarani wala kusomeshwa na kanisa. Nilikwenda Ulaya na begi moja, nikafagia ofisi za watu alfajiri na kusoma jioni, nikarudi na stashahada ya umeme na mitambo yenye muhuri wa Ubelgiji. Ghorofa yangu niliichora mwenyewe. Kuanzia Ujiji hadi Katonga, umeme ukisumbua katika nyumba ya wageni, anayepigiwa simu ni mimi. Haya nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kuna mtu mmoja tu aliyeyaona yote tangu mwanzo.

Mtu huyo ni Papa Serafini, mume wa Maman Odette. Ni Mkongo wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alinigawia nusu ya chumba chake huko Brussels, mtaa wa Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa, kabla hajaoa. Niliposhindwa mtihani wa kwanza wa Kifaransa alinicheka wiki nzima, kisha akaanza kunifundisha kila alipotoka kazini. Alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku ya kupokea stashahada, wenzangu walikuwa na wazazi, shangazi na maua. Mimi nilikuwa na Serafini, amevaa koti la kuazima, akipiga makofi peke yake hadi watu wakageuka.

Hapa Kigoma watu wanaona nilivyo. Serafini peke yake aliona nilivyokuwa. Nilitaka anitambue mara moja tu, alitaje jina langu, basi. Nami niliondoka nikiamini kwamba litawezekana, maana kazi yangu ni kuamsha mashine zilizozimika, na kila mashine ina mahali pa kuiamshia.

Uwanja wa ndege wa Brussels ulinipokea kwa baridi na mvua nyembamba. Sikuhitaji kumwuliza mtu njia. Niliteremka Saint-Josse kwanza, makusudi, nikapite kwenye nyumba yetu ya zamani. Duka la vitambaa sasa linauza simu na vifuniko vyake. Nilimwambia kijana wa kaunta kwamba niliwahi kuishi pale juu. Akasema, "Ah bon," akaendelea kubandika kioo. Nikachukua basi la Evere, wanakoishi sasa.

Evere, katika jengo la ghorofa lenye lifti inayonuka sabuni, Maman Odette alinifungulia mlango akanitazama tumbo kabla ya uso.

"Ee Diplome! Umenenepa, hein? Batu ya Kigoma banakukulisha bien."

"Ni afya, Maman. Ni biashara inakwenda."

"Biashara njo inakaa mu tumbo? Bon, ingia." Kisha akanishika mkono pale pale mlangoni, akateremsha sauti. "Sikia. Usimuulize jina yako. Umwambie tu, mimi ni Hamisi. Ukimuuliza, anaogopa. Umesikia?"

"Nimesikia."

Papa Serafini alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, fulana ya sufu imefungwa vifungo vyote. Alikuwa amekonda. Maman akasema kwa sauti ya furaha, "Papa, ni Hamisi, ametoka Kigoma!"

Akainuka, akanipa mkono kwa adabu. "Bonjour, monsieur. Ni kwa sababu ya chauffage? Iko inafanya kelele."

Nikacheka. Nikangoja na yeye acheke, maana mzaha ulikuwa kazi yake. Hakucheka. Alinipeleka hadi kwenye kile chuma cha kupashia joto, akanionyesha mahali penye kelele. Kwa kuwa sikujua la kufanya, nikachuchumaa nikakaza valvu. Kelele ikakoma. "Merci, monsieur," akasema. "Uko fundi muzuri." Mwaka mzima watu hunisifu, na sijawahi kusikia sifa iliyonikata vile.

Jioni ile, Serafini alipolala, nikaona mahali pa kuamshia. Ukutani kwenye korido palikuwa na rafu ya treni ndogo za kuchezea alizokuwa akiziokota sokoni zikiwa zimevunjika na kuzitengeneza. Kila mwaka mjini hufanyika onyesho la treni za mfano, na kila mwaka alitamani kwenda, lakini ni Jumapili, na Jumapili yeye ndiye aliyebaki kazini na wale wazee, wafanyakazi wenzake wakiwa kanisani. Safari hii onyesho lilikuwa Jumapili ileile inayokuja.

"Nitampeleka," nikamwambia Maman. "Utaona. Treni ndiyo lugha yake."

"Umupeleke," akasema. "Atafurahi. Lakini usitafute kitu ingine, Diplome. Furaha inatosha."

Jumapili asubuhi tulikuwa mlangoni kabla hapajafunguliwa, kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja. Anayekwenda mara ya kwanza anisikilize, kwa maana niliuliza vizuri kabla. Nenda mapema, kabla familia zenye vigari vya watoto hazijajaza njia. Usibebe begi mgongoni, ukigeuka utaangusha kijiji kizima. Zunguka mara moja bila kusimama, uone vyote vilivyopo, ndipo urudi kwenye meza mbili au tatu zilizokushika moyo. Usiguse kitu. Na ukifika, inama hadi jicho lako liwe sawa na reli. Ukitazama kutoka juu utaona midoli. Ukiinama utaona nchi.

Tulizunguka. Zilikuwepo milima ya plasta yenye theluji, bandari yenye winchi zinazozunguka, mji wenye tramu na taa zake, madaraja ya vijiti ambayo mimi kama mtaalamu niliyakagua nikaridhika. Serafini alitembea ameshika kiwiko changu, macho yakirukaruka. Nilikuwa nikimweleza volti na swichi. Nadhani hakunisikia, na leo nashukuru.

Mwisho wa ukumbi, karibu na dirisha, palikuwa na meza isiyo na watu wengi. Ilikuwa stesheni moja ndogo ya shambani: jengo la matofali, tangi la maji, njia mbili za reli, mipopla, ile miti mirefu myembamba ya kwao. Treni ilikuwa imesimama na hakuna kilichotembea. Nyuma ya meza alikaa Mbelgiji mzee mwenye shati la mistari. Niliuliza kama imeharibika. Nilikuwa tayari kusaidia.

"Hapana, bwana," akasema kwa Kifaransa. "Mimi naendesha kwa ratiba. Stesheni ya kweli haina treni kila dakika. Watu hawana subira, wanapita."

Serafini hakupita. Aliniachia kiwiko. Alisimama wima mbele ya meza, akavuta fulana yake ikae sawa, akatazama kushoto kwenye reli, akatazama kulia. Halafu akainua mkono wa kulia juu kabisa, akaushusha polepole.

Yule mzee alimtazama. Akagusa kitufe, na treni ikaondoka stesheni, mabehewa yakilia tiktiki kwenye maungio ya reli, ikapotea nyuma ya mipopla.

"Ya Kabalo hiyo," Serafini akasema, akitaja mji ambao reli ya kwao Kalemie huelekea. "Imechelewa, lakini imekwenda."

Alikuwa amezaliwa upya, siwezi kusema vingine. Treni ya pili ikaingia. Akainua kiganja, nayo ikasimama. Mzee wa shati la mistari alikuwa ameacha kutazama ratiba yake. Alitazama mkono wa Serafini tu. Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja mwenye mtoto kifuani akauliza kama yule ni mkuu wa stesheni, na mzee akajibu, bila kucheka, "Ndiyo, madame. Tangu leo."

Mimi nilisogea karibu nione vizuri. Serafini akanisukuma kifuani kwa kidole, kama zamani. "Wewe, simama nyuma ya mustari! Unapenda kufa? Batu ya Tanzania, kichwa nguvu kama nini!"

Batu ya Tanzania. Alisema hivyo. Nikajiambia, yuko hapo, amefika, ni kumgusa kidogo tu.

Ndipo nikafanya lile ambalo sisi tunalifanya tangu utotoni bila kufikiri. Mgeni akifika baada ya miaka mingi hajitaji. Hujisimamisha mbele ya mwenyeji, hukenua meno na kusema, nitaje, mimi ni nani? Mwenyeji hukisia, hukosea, hutukanwa kwa mapenzi, hukumbuka, na nyumba nzima hucheka. Shangazi zangu hunifanyia hivyo hadi leo. Kwetu ndiyo salamu tamu kuliko zote.

Nikamshika mabega yote mawili nikamgeuza kwangu.

"Serafini! Haya nitaje. Mimi ni nani?"

Akanitazama. Tabasamu likabaki mahali pake kidogo, peke yake, macho yakiwa yameshaondoka.

"Wewe ni..." akasema.

"Nitaje tu. Saint-Josse! Juu ya duka la vitambaa! Nani alikuwa anakula maharage yako?"

"Nilikuwa na rafiki Mutanzania," akasema taratibu, kama mtu anayejibu polisi. "Alikuwa anajisifu sana. Muntu muzuri, lakini. Alikufa."

"Hakufa. Ni mimi. Nitazame."

"Alikufa, monsieur. Angekuwa hai angekuya." Akatazama huku na huku. "Mimi nilifanya kosa gani? Odette iko wapi? Nani amenileta huku?"

Nikasema jina langu. Nikalisema tena kwa sauti zaidi, mbele ya watu wote wale, jina langu kamili na la baba yangu. Kila nilipolisema alirudi nyuma hatua, hadi mgongo wake ukagusa dirisha. Akafunika uso kwa mikono ileile iliyokuwa ikiongoza treni.

Yule mzee Mbelgiji alitoka nyuma ya meza yake, akasimama kati yetu. "Mkuu wa stesheni," akamwambia kwa upole, "treni inasubiri amri yako." Serafini hakuondoa mikono usoni. Tulipoondoka, nimemvika koti kama mtu anayemkamata mtu, treni ilikuwa bado imesimama pale, na mzee yule hakuiondosha.

Kwenye basi la kurudi Evere alikaa kiti cha mbele, karibu na dereva. Kila nilipojaribu kuhamia karibu naye alishika begi lake kifuani.

Nyumbani, Maman Odette alimvua viatu, akamlaza, akafunga mlango wa chumba. Nilimweleza yote. Nilitegemea anifokee, ningependa anifokee.

"Alikuwa anaitika?" akauliza. "Treni zilikuwa zinamusikiliza?"

"Zilimsikiliza."

"Bon. Basi alikuwa na ile furaha." Akakaa. "Myaka yote ile mu kazi yake, wale wanafunzi wapya wakikuya, kitu ya kwanza alikuwa anabafundisha ni ile. Usimuulize mugonjwa jina yako. Muambie, na umushike mukono. Nilikuambia, Hamisi."

Hakuniita Diplome. Wala hakuniita hivyo tena hadi nilipoondoka.

Siku zilizobaki nililala kwa Mrundi mmoja ninayefahamiana naye, Saint-Josse, kwa sababu Serafini aliponiona sebuleni alitetemeka. Mchana nilitembea. Nilifika hadi uwanja wa Flagey, nikakaa kwenye benchi sokoni nikila viazi vya kukaanga ambavyo havikuwa na ladha yoyote. Asubuhi ya safari nilikwenda kuaga. Maman alifungua mlango nusu. Nyuma yake nilisikia sauti ya Serafini ikiuliza, "Ni nani?"

"Ni muntu ya chauffage, Papa," akajibu bila kugeuka, akinitazama mimi. "Amemaliza kazi. Anaenda."

"Umwambie merci."

"Papa anasema merci," akaniambia. Akanishika mkono, akafunga mlango.

Nimerudi Kigoma. Jenereta ya hoteli nimeimaliza, inafanya kazi vizuri. Watu wanakuja karakanani kuniuliza habari za Ulaya, nami nawaeleza kuhusu milima ya plasta na bandari na tramu, na ushauri nimeshautoa hapo juu: nendeni mapema, inameni, msiguse kitu. Naongeza mmoja. Ukimpeleka mtu ambaye akili yake imeanza kumwacha, na ukamwona amepata kwa dakika chache mahali pa kusimama, nyamaza. Kaa nyuma ya mstari aliokuchorea. Usitake akupe kitu.

Mengine niliyojifunza hayamfai msafiri yeyote. Nikisimulia nilivyoanza na begi moja, vijana wananisikiliza kwa heshima, na wengine wanatazamana. Zamani nilikuwa nikisema, kama hamuamini, yupo mtu Brussels, mpigieni simu mkamwulize. Juzi nilianza kuisema sentensi hiyo nikaiacha katikati. Kijana mmoja aliningoja niimalizie, kisha akarudi kwenye kazi yake.