Sista Aliyeamriwa Kufunga Mdomo

Paki ya mabasi ya Arua, Uganda, humpenda kila mtu mwenye mzigo, isipokuwa Sista Santina. Akitokeza tu langoni na shela lake la kijivu na viatu vyake vya kiume, wapiga debe huanza kupigiana miluzi kama wachungaji walioona fisi.

"Sista Rudi huyo! Ficheni wasichana!"

Hilo Rudi ndilo neno lake la kwanza kwa binti yeyote anayemkuta amekalia begi jipya, kando ya mwanamume anayemwita anko bila kujua jina la ukoo wake. "Rudi nyumbani." Hasalimii. Salamu, anasema, atazitoa mbinguni, huko muda upo.

Kwao ni Ajia, kwa wakulima wa tumbaku, na ulimi alizaliwa nao. Shirika lilimpeleka Roma kusoma, akarudi likamfanya kwanza mwalimu wa shule ya msingi. Wazazi wakaja kulalamika kwamba anawaambia watoto ukweli kuhusu akili zao. Akahamishiwa zahanati, wagonjwa wakaanza kupona kwa woga. Mwishowe Mama Mkuu akampa kazi ya kuwazuia mabinti wanaodanganywa na kwenda kuuzwa ng'ambo, kazi ambayo kila unayekutana naye anakuchukia: mwenye basi, wakala, mama wa binti, na binti mwenyewe. Hapo ulimi wa Santina ukapata riziki yake.

Kazi hiyo haimo mikononi mwa shirika moja. Koboko, mji wa jirani, kuna masista wa shirika jingine, na wa kwao katika mambo haya ni Sista Paska, Mkakwa, mtoto wa mwanajeshi, mpole hadi anaomba radhi anapokanyagwa yeye. Kwa miaka mingi mashirika hayo mawili yalikuwa yakisalimiana kwa heshima na kunyimana maharagwe. Sasa yanatumia gari moja bovu, kama wake wenza waliopewa chungu kimoja, na bado hawajaafikiana picha ya mtakatifu wa nani ining'inie kwenye kioo cha dereva. Lakini binti akitoweka Koboko asubuhi, Arua watu wanajua kabla chai haijapoa.

Ndivyo alivyojulikana Latifah. Alikuwa akijifunza ushonaji kwa Sista Paska, mkono wake mwepesi kuliko wote, kisha akaacha kuja. Wenzake wakasema anasafiri Jumatatu. Anakwenda Muscat, Oman, kufanya kazi ya saluni, anapelekwa na kijana anayeitwa Muzamili.

"Saluni?" Santina aliuliza kwenye simu. "Anajua kusuka?"

"Nywele zake mwenyewe anasukwa na mamake," Paska akajibu.

Muzamili walikuwa wamemsikia kabla, akitumia jina jingine. Binti wa mwisho kuondoka naye alitoka Dadamu. Simu yake ilizimwa kabla hajafika Nairobi, na mpaka leo mamake huipiga namba ile kila akimaliza kuosha vyombo. Santina akapanda gari bovu, akaenda Koboko siku hiyohiyo.

Hadijah, mamake Latifah, walimkuta barazani akisuka kawa ya ukindu wa rangi, ile ya kufunikia chakula. Ni mwanamke wa Kinubi, mpana, mwenye shingo ya mtu asiyewahi kuomba chumvi kwa jirani.

"Mmekuja kununua au kubatiza?" aliuliza bila kuinua macho.

"Tumekuja kukwambia huyo Muzamili ni mwizi wa watu," Santina akasema.

Paska akafumba macho. Njia nzima kutoka barabarani alikuwa akimsihi waanze na habari za asubuhi.

Hadijah akaweka kawa chini. "Wewe iko na mtoto?"

"Sina."

"Iko na bwana?"

"Sina."

"Iko na kodi ya nyumba?"

"Sina."

"Sasa iko na nini? Iko na mdomo tu." Majirani walikwisha kusogea, kila mmoja na kazi ya uongo mkononi: huyu anafagia palipofagiliwa, yule anachambua mchele uliochambuliwa. "Babu yangu alitoka Sudan na bunduki begani, hakuna sista alimwambia arudi. Na wewe mwenyewe? Watu wa shela walikuchukua Ajia mpaka Roma, umekula makaroni yao umerudi na mashavu. Nani alikuzuia pakini?"

Wakacheka mpaka aliyekuwa anafagia akasimama.

"Baba yangu hakunitoa kama kuku wa gulio," akasema. "Aliwaita hao masista kwetu. Wakaja na mkubwa wao, Mzungu, wakakalishwa kwenye mkeka tangu asubuhi wakiulizwa. Nyinyi ni watoto wa nani? Kwenu ni wapi? Siku tukimtaka binti yetu, tumwulize nani? Yule Mzungu alitoka pale analia. Wewe mwanamume akija kumwoa Latifah utamwuliza mpaka nyanya yake alikufa na ugonjwa gani. Huyu anamchukua mbali kuliko mume yeyote, na hujui hata kwao wanakula nini!"

Kicheko kikakatika. Latifah akatokea mlangoni, msichana mrefu, kucha amezipaka rangi tayari kwa safari.

"Mama, usimsikilize! Atanipotezea bahati. Sista, hiyo cherehani yenu inashona nini? Sare za watoto wa watu! Mimi nimechoka kuona watoto wa wenzetu wanajenga, sisi tunasuka vifuniko vya vyakula ambavyo hatuna."

Maneno hayo yalimchoma Hadijah kuliko yote ya sista, na kwa kuwa hakutaka kumpiga binti mbele ya majirani, akamgeukia Santina.

"Jumapili," akasema. "Muzamili atakuja hapa na wazee wake, na wataulizwa kama waposaji. Nataka mtaa wote uone ni mtoto wa watu. Na wewe utakuja, utakaa jikoni na wanawake, utafunga huo mdomo. Ukitoa neno moja, nampandisha Latifah gari kwa mikono yangu. Umesikia?"

Santina alikuwa na majibu matano. Paska akamkanyaga mguu, safari hii bila kuomba radhi.

"Amesikia, Mama Latifah," Paska akasema.

Muzamili alikuwa amesema kwao ni Adumi, upande wa Arua. Masista wa Arua wakaenda Adumi, wakauliza sokoni, wakauliza msikitini kwa adabu, wakauliza kwa katekista. Hakuna aliyemjua yeye wala baba yake. Habari hiyo Santina alikuja nayo Koboko Jumapili kama mtu aliyemeza kaa la moto: imo ndani, inaunguza, na ruhusa ya kuitema hana.

Muzamili alifika na wazee wawili. Yeye mwenyewe ni kijana wa kung'aa, saa kubwa, manukato yanayofika kabla yake. Kanzu za wazee zilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Mmoja hakusema kitu. Mwingine aliitwa Mzee Kamisi, na huyo alikuwa na sauti ya mtu aliyezaliwa kukaa mbele ya watu. Aliketi vizuri, akasalimu vizuri, akaomba dua fupi yenye heshima, akaisifu nyumba bila kuzidisha. Hadijah akamtengea sinia ya kisra, mikate yao myembamba, na mchuzi wa bamia, akafunua ile kawa mpya kwa mbwembwe, na maswali yakaanza huku wanakula.

"Huyu kijana ni nani kwako, mzee?"

"Ni mtoto wa ndugu yangu, tumbo moja."

"Kwenu?"

"Adumi, mama. Ukiuliza watu wetu, mpaka mbwa atakupeleka."

Kule jikoni Santina akafungua kinywa. Paska akamsokomeza kipande cha kisra. Wanawake waliokuwa wanapakua wakageuka kutazama masista wawili wakilishana kama maharusi. Santina alitafuna kwa hasira, macho yamemtoka. Kesho asubuhi Latifah angekaa kiti cha dirishani akipunga mkono, na mamake angekuwa hapohapo akijisifu kwamba aliuliza kila kitu akajibiwa. Na yeye Santina ndiye aliyemfundisha kuuliza!

Mzee Kamisi alijibu yote. Alitaja mashangazi. Alitaja mjomba aliyekufa vitani na askari waliomzika. Alitaja hata ng'ombe mmoja kwa jina, na mtaa ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Hadijah aligeuka kuelekea jikoni, akamtazama Santina kama mtu anayemwonyesha adui yake cheti. Latifah, nyuma ya pazia, alikuwa anacheka kimyakimya na kufunga zipu ya begi.

Ikabaki desturi. Katika ukoo wa Hadijah, binti akiombwa, mamake husimama mwisho na kuuliza swali moja. Yeye aliuliziwa na mama yake hivyohivyo, na mama yake naye aliuliziwa na wa kwake. Jibu lake ni neno moja tu, na katika harusi zote alizohudhuria hakuna aliyewahi kukwama kulisema. Watu huwa wameshaanza kupiga vigelegele kabla halijasemwa. Lakini mzee anayelisema ameifunga nyumba yake nzima kwa ahadi. Yakitokea ya kutokea, msiba huo hulia mlangoni kwake, na asipokuwepo yeye hulia mlangoni kwa wanawe. Hadijah akasimama, akajifunga leso, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeshinda tayari:

"Mwanangu akifia huko, nani ataniletea maiti yake, na nitakaa matanga kwenye nyumba ya nani?"

Mzee Kamisi alikuwa amechovya kisra kwenye bamia. Mkono ukasimama. Akalitazama lile tonge, akalirudisha kwenye sinia taratibu, jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Mzee wa pili akakumbuka kwamba hajatawadha, akanyanyuka, akaenda, hakurudi.

"Mzee?" Hadijah akasema.

"Mama," Kamisi akajibu, na ile sauti ya mbele za watu ilikuwa imekwisha. "Mimi iko na wajukuu."

"Sikuuliza wajukuu."

"Malizia, mzee," Muzamili akasema huku anacheka. "Neno moja tu. Sema mimi, twende."

"Sema wewe," Kamisi akamwambia. "Sema mimi, na utaje mlango." Akapangusa vidole vyake. "Mama, huyu kijana alinitoa gulioni. Waoaji wasio na watu hunichukua, nawasemea, naozesha, narudi. Aliniambia kuna chakula na maneno ya heshima. Chakula nimekula, maneno nimesema. Kuzika sikuambiwa."

Muzamili akasimama, manukato na yote.

"Mambo ya zamani haya! Nani anakufa Muscat? Kule iko na hospitali mpaka ya paka! Mnakaa hapa mnakula vumbi na kiburi cha babu zenu askari. Basi bakini navyo. Gari halikosi mtu. Nafasi ya Latifah nampa Ruqaiya, nyumba ile pale, mamake hana maswali ya makaburi." Akatoka akiwa bado anatukana.

Latifah alirarua pazia akatoka nalo. Alimpita mamake, akampita mzee, akaenda moja kwa moja jikoni, akavua kandambili na kumrushia Santina, ikampata kwenye shela.

"Umeniua, Sista! Umekausha tumbo lako, sasa unakausha maisha yetu! Nakuchukia!"

"Nichukie," Santina akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo na lilitoka na makombo. "Nichukie vizuri, lakini uwe hapahapa Koboko ukinichukia."

"Nitatafuta mwingine wa kunipeleka!"

"Tafuta. Na huyo naye ataulizwa."

Binti akaketi sakafuni, akalia kama aliyefiwa na tajiri. Paska akaketi kando yake bila kusema kitu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi anayoiweza kuliko Santina, na Latifah akamsukuma, kisha akachoka kumsukuma.

Santina alidhani angalau Hadijah angemtazama tofauti. Alijidanganya. Mama wa watu alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, leso kiunoni. Mtu wa kukodi amekaa kwenye mkeka wake, akala kwenye sinia yake, mbele ya mtaa mzima ambao yeye mwenyewe aliuita uje kuona. Maneno ya kumshukuru mtu hayakuwemo kabisa kifuani mwake. Kifua kilikuwa kimejaa vitu vingine.

"Umefurahi sasa?" akamwuliza Santina. "Umekuja kwangu kunivua nguo."

"Nguo amekuvua aliyekuletea mjomba wa gulioni."

"Toka kwangu."

"Natoka. Lakini huyo anakwenda kwa mama Ruqaiya."

"Nimesikia anakwenda wapi! Mimi si kiziwi!"

Hadijah akaitwaa sinia, chakula na vyote, akaipandisha kichwani. Akamgeukia Mzee Kamisi, aliyekuwa anavaa viatu polepole akitarajia kusahauliwa.

"Na wewe, nyanyuka. Umekula kwangu bure? Utatembea mpaka kwa mama Ruqaiya, utakaa kwenye mkeka wake na sinia hii mbele yako, nami nitakuuliza tena. Nataka huyo mshenzi awe anasikia."

"Mama, magoti yangu—"

"Magoti yalikuleta. Yatakupeleka."

Hakuwa anakwenda kuokoa mtu. Alikuwa anakwenda kugombana, na mtaa ulimfuata kwa sababu ugomvi wa Hadijah hutazamwa bure. Mbele alitangulia yeye na sinia, nyuma yake mzee anachechemea, nyuma yao wanawake na mafagio yao. Muzamili, aliyekuwa amefika kwenye uzio wa kina Ruqaiya, aligeuka kuona vumbi linalomjia, akaanza kutafuta funguo za pikipiki mfukoni.

Sista Santina akaongeza mwendo, akamfikia Hadijah, wakawa bega kwa bega. Hadijah akamtupia jicho la pembeni bila kutikisa sinia.

"Tembea nyuma huko," akasema. "Watu wasije wakadhani sisi iko marafiki."