Wagonjwa Kumi na Watatu wa Sista Naliaka

Nilishakataa mara mbili. Mtu aliyeacha shule darasa la tatu ndiye anaitwa aandike, na hao wenye digrii wako wapi? Haya. Nitaandika, lakini mtu asiniulize herufi imepotelea wapi, na nikishaanza nisikatizwe.

Naliaka ni muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja hapa Kitengela. Kwao ni Bungoma, lakini amepanga kwa mama mmoja hapa, chumba na sebule. Alipojifungua Odero alipewa likizo, ikaisha. Maziwa hayakuisha. Ikifika saa nne asubuhi matiti yanauma kama majipu, na yunifomu inalowa mbele ya wagonjwa. Naye Odero, miezi minne tu, alikuwa ameikataa chupa. Ukimtilia mdomoni anaitema, kisha anakuangalia kama mtu uliyemtukana mamake. Kwa hiyo kila siku saa nne mwenye nyumba alimfunga mgongoni akampeleka mpaka geti la hospitali, ili mamake atoke nusu saa amnyonyeshe kwenye benchi ya askari. Mwenye nyumba huyo ni mimi, na habari zangu zimeishia hapo.

Sasa, hiyo nusu saa ilikuwa haki yake. Ilikuwa imeandikwa na kubandikwa ukutani, ila mtu alikuwa ametundika kalenda juu yake. Katika wodi ile hakuna aliyekuwa anatoka kukula. Waliona ni sifa. Mkubwa wa wodi, Sista Keziah, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa akijigamba kwamba miaka ishirini hajawahi kukaa chini saa za kazi.

"Muuguzi akienda chai, mgonjwa anaenda na nani?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Naliaka hakubishana. Alikuwa na wagonjwa kumi na watatu upande wake, na upande wa pili alikuwa Katee, kijana mzuri wa kazi, mwepesi wa mdomo. Saa nne ikifika alimwambia, "Katee, nakuachia kumi na watatu, wote wako sawa." Katee naye anajibu, "Enda tu, Mama Odero, niko nao." Siku mbili ikaenda vizuri.

Siku ya tatu Naliaka alisema maneno yale yale, akatoka. Katee akapita upande wake akihesabu vichwa: kumi na watatu. Akarudi kwa wagonjwa wake, ametulia. Kumbe mama mmoja alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, na amekaa pale kitandani na mfuko wake akingojea watu wake. Na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameletwa mwingine kutoka chumba cha upasuaji, akawekwa kwenye kichumba cha pembeni, nyuma ya pazia. Naliaka alikuwa amemtoa yule wa kwanza kwenye hesabu na kumtia huyu. Katee akamhesabu yule, huyu hakumwona. Hesabu ilikuwa sawa, mtu ndiye hakuwepo.

Huyo wa nyuma ya pazia aliitwa Naisenya, mwuza maziwa kutoka upande wa Isinya. Kidonda chake kilianza kutoka damu. Akaita, sauti haikufika mbali. Aliyemkuta ni mama wa kufagia, shuka imekuwa nyekundu mpaka kwenye godoro. Mbio, daktari, kelele. Naliaka alirudi kutoka getini kifungo cha juu hakijafungwa akakuta watu wamejaa kwenye kichumba. Naisenya alishonwa tena, akapona. Lakini siku hiyo Keziah alisimama katikati ya wodi.

"Kuanzia leo hakuna mtu kutoka. Hata choo, utaniomba mimi. Umesikia, Naliaka?"

"Nimesikia, Sista."

"Mtoto atanyonya jioni. Wetu walinyonya jioni na hawakufa."

Naliaka akarudi kwa wagonjwa wake. Siku tatu alikaa bila kutoka. Odero alilia getini mpaka askari akaomba nirudi naye nyumbani. Na siku ya tatu Naliaka alipojikamua jioni, yalitoka matone. Maziwa yalikuwa yanamhama. Hapo ndipo alipoamua: hatamwachisha mtoto, na hatamwacha mgonjwa. Yote mawili. Anayefikiri haiwezekani akae kando.

Kwanza alienda kuomba msamaha. Naisenya alikuwa ameegemea mto, shanga zake ziko kwenye bakuli la hospitali.

"Takwenya," Naliaka akamsalimu kwa Kimaasai, maana alikuwa amejifunza hiyo.

"Iko," Naisenya akajibu. "Umekuja kunihesabu tena?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha nimepeana. Akili ndiyo sijui nikupee ama nikuuzie." Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. "Nyinyi mnahesabu watu kama mbuzi za soko. Sisi hatuhesabu ng'ombe, ni mwiko. Lakini uliza kama zinapotea."

"Mnajuaje kama ziko zote?"

"Kwa sura, wewe! Ndugu yangu akimwachia mwenzake kundi pale kisimani, wanapita wote wawili katikati ya ng'ombe. Huyu wa pembe imevunjika anachechemea, usimkimbize. Huyu mwekundu ako na mimba. Huyu ni mwizi, anapenda shamba ya watu. Mwenzake anarudisha maneno, moja moja. Asipoyarudisha, ndugu yangu hatoki hapo hata jua lishuke. Wewe ulisema nini ukitoka? Kumi na watatu! Kumi na watatu ni rangi gani?"

Naliaka akainuka akaenda moja kwa moja kwa Keziah. Alimkuta amevua kiatu kimoja chini ya meza, Katee yuko kando anaandika.

"Sista, nataka kutoka kesho saa nne."

"Masikio yako iko na shida?"

"Nipe siku moja. Nitamkabidhi Katee mgonjwa mmoja mmoja kitandani kwake, na yeye anirudishie. Wewe simama usikie. Tukikosea mmoja tu, sitaomba tena."

"Na mimi niliyekaa miaka ishirini bila chai, mimi ni mjinga?"

"La, Sista. Lakini dawa za vidonda vya tumbo ziko kwenye droo yako, si yangu."

Katee alikohoa akageuka ukutani. Keziah alimtazama Naliaka vile mtu hutazama kuku aliyeingia kanisani. Akavaa kiatu. "Kesho. Mmoja tu mkikosea."

Kesho yake saa nne kasorobo walianza, Keziah nyuma yao mikono kifuani.

"Huyu ni Mama Makena. Presha ilipanda alfajiri, pima tena saa nne na nusu. Akisema kichwa hakimuumi usimwamini."

"Mama Makena, presha, nne na nusu, ni mwongo," Katee akarudisha.

"Nani mwongo?" Mama Makena akauliza, wodi ikacheka.

Wakaendelea. Huyu hajaenda choo tangu afanyiwe upasuaji. Huyu asipewe maji. Huyu anaamka kabla ya kuruhusiwa, anaanguka. Huyu ameruhusiwa, anangoja watu wake, si wako tena. Nyuma ya pazia pia: huyu ni Naisenya, inua shuka uangalie bandeji kwa macho yako, usimuulize.

"Mimi ni yule wa pembe imevunjika," Naisenya akasema.

Walipofika kitanda cha tisa, Naliaka akamwinamia mgonjwa. Dripu ilikuwa inateremka, lakini mkono wa yule mama ulikuwa umefura kama andazi. Maji yalikuwa yanaingia kwenye nyama badala ya mshipa. Saa tatu ulikuwa sawa, yeye mwenyewe aliutazama. Saa nne kamili ikafika. Kutoka getini kilio cha Odero kilikuwa kinasikika, na mbele ya yunifomu kumeshaanza kulowa. Katee akanong'ona, "Enda, nitaitoa mimi."

"Bado hujapokea huyu. Mgonjwa nusu sikuachii."

Akafunga dripu, akaitoa ile sindano, akaukanda mkono, akatafuta mshipa mwingine. Wa kwanza ukamkataa. Wa pili ukakubali. Katee akarudisha maneno ya kitanda cha tisa, halafu wale wanne waliobaki. Nusu saa ilikuwa imebaki dakika kumi na nane.

"Unangoja nini?" Keziah akamuuliza. "Nimesikia mmekosea?"

Naliaka hakukimbia, wauguzi hawakimbii bila damu, lakini ule mwendo! Odero alimshika kwa mikono miwili, akanyonya kwa hasira, huku anamtazama mamake kwa jicho moja. Upande mmoja ulitoa kidogo. Wa pili ukafunguka, mtoto akapaliwa, akakohoa, akarudi tena. Naliaka akaangalia juu, askari asimwone machozi.

Alirudi kwa dakika yake. Katee akamrudishia wote kwa njia ile ile, kitanda kwa kitanda, presha ya Mama Makena na namba yake. Walipomaliza, Keziah alikuwa amesimama kando ya mgonjwa wa kwanza upande wa Katee, maana upande huo Keziah naye alikuwa na wagonjwa wawili wake.

"Naliaka, njoo hapa. Huyu wangu anameza dawa saa tano, na ni lazima akule kwanza. Rudisha."

"Dawa saa tano, akule kwanza."

"Na huyu anaogopa sindano, mshike mkono." Akaelekea mlangoni. "Mimi naenda chai. Dakika kumi na tano. Mtu asicheke."

Hakuna aliyecheka mpaka mlango ulipofungwa.

Maziwa ya Naliaka yalichukua wiki kurudi vizuri, na akakunywa uji mpaka akauchukia. Ile kalenda iliyofunika karatasi ya nusu saa aliitundika mahali pengine.

Nimeandika, mkono unauma. Sasa ni zamu yako. Siku ukienda kumwona mtu wako hospitali ukute muuguzi wake ametoka, usipige kelele kwamba wamelala kazini. Uliza ameachiwa nani, na huyo akuambie mgonjwa wako ana nini. Akikosa kujua, hapo piga kelele, mimi nakuruhusu. Akijua, kaa kitako. Na yule mwenzake akirudi, muulize kama amekula, kisha uje uniambie alikujibu nini.