Selemani Avaa Koti la Gavana

Selemani alitoka Tanga kijana, akafika Johannesburg na kuwa fundi cherehani katika mtaa wa Alexandra. Mei 2008, wageni waliposhambuliwa, kibanda chake kilichomwa moto. Yeye na mkewe Tabia walitoka na nguo walizovaa, wakahamia katikati ya jiji.

Baadaye alipata kazi ya kushona mavazi ya kikundi cha maigizo katika mtaa wa Newtown. Mwaka jana Brigitte, Mkongo anayekiongoza, alitunga mchezo juu ya gavana wa Kireno aliyetawala Msumbiji karne ya kumi na tisa. Gavana huyo, mtoto wa fundi viatu, alikuja akiwa askari mdogo, akapanda vyeo hadi ugavana, akafukuza vijiji vizima ili apande minazi. Mwisho wakubwa zake wakamvua madaraka, akafa kwa homa, peke yake.

Wiki ya onyesho, mwigizaji wa gavana akavunjika mguu. Koti lilimtosha Selemani, na maneno alikwishayashika kwa kusikia mazoezi.

"Papa Selemani, ni wewe tu," Brigitte akamwambia, akimwita Papa, yaani baba, kama Wakongo wafanyavyo.

Tabia hakupenda. "Yaliyotukuta hayakutosha? Sasa wewe ndiye ufukuze watu?"

Selemani akalichukua koti, akaenda. Kwenye mazoezi, walipofika pale pa kufukuza wanakijiji, alikatisha maneno katikati.

"Nguruma, Papa," Brigitte akasema.

"Aliyenifukuza mimi hakunguruma. Alikuwa jirani, nikiwashonea watoto wake sare. Aliniambia polepole, kwa Kizulu, kwamba kwetu si hapa."

Brigitte akatafakari. "Basi sema vile vile."

Usiku wa onyesho, Tabia akiwa safu ya nyuma, watu walimzomea gavana tangu alipotokea. Lakini alipowaambia wanakijiji waondoke, kwa Kizulu na kwa upole ule, ukumbi mzima ulinyamaza. Mama mmoja wa mbele akajifunika uso kwa mtandio.

Njiani kurudi, Tabia alisimama kwenye robot ya kwanza, kama wenyeji waitavyo taa za barabarani. Taa ilikuwa nyekundu.

"Ulipokuwa unakufa pale nilikuonea huruma," alisema. "Nikajichukia."

"Hata mimi nilimhurumia gavana yule. Na bado sijamsamehe."

Tabia akamshika mkono, wakavuka. Jumamosi iliyofuata alirudi ukumbini, safari hii na majirani zao, akakaa safu ya mbele.