Picha Alizozizoea Mama

Siku zile tungali watoto wa mtaa wa Majengo, magoti yetu yalikuwa na makovu ya mawe meusi ya volkano, maana tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, juu yake bila viatu. Tulirudi nyumbani na njaa, tukala fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kisha mama akatuita tumsindikize kwenye ordinateri. Kompyuta, sisi tuliiita hivyo. Watoto wa leo wanazaliwa nayo mkononi. Ukimtuma mmoja maji, anatafuta pa kubonyeza.

Mama yetu, Mama Kahindo, aliuza vitenge. Kiswahili alikisoma vizuri, lakini Kifaransa kilimpita. Chama cha wauza vitenge kilitafuta mtu wa kuandika barua zake kwa mashine, naye akaitamani kazi ile kupita kiasi. Mgongo wake ulikuwa umechoka kubeba mizigo. Basi akajiandikisha kwa Papa Muhindo, aliyefundisha ordinateri katika chumba kimoja karibu na kanisa.

Siku ya kwanza, panya wa mashine alipofika ukingoni mwa meza, mama alimwinua hewani na kuendelea kumsukuma huko juu. Tuliocheka pale dirishani tulifukuzwa. Lakini baada ya majuma machache hakuna aliyecheka tena. Maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa kwenye kioo hakuyajali, alizifuata picha. Makasi yalikata maneno, kapu lilikuwa la takataka, na kile kijisanduku cha kuhifadhia kazi alikiita kabati. Wanafunzi waliomaliza sekondari walikuwa bado wanasoma majina ya vitufe wakati yeye ameshamaliza barua nzima.

"Mama Kahindo, nani alikufundisha?" Papa Muhindo alimuuliza.

"Ni macho yangu tu, Papa. Kila kitu kiko pahali pake."

Jioni, akichambua mboga za lengalenga, vidole vyake viliandika juu ya ungo. Baba alimtania kwa kumwita Madame Sekretere, naye akajifanya amekasirika, huku akitabasamu.

Juma la mtihani wa chama, wa kumchagua mwandishi wa barua, zikaja mashine mpya. Papa Muhindo alizipokea kwa furaha, na kweli zilikuwa nzuri, nyembamba, zenye rangi. Tuliingia pamoja na mama. Akaketi, akamshika panya, akatazama. Picha zake zilikuwa zimehama. Nyingine zilifichwa chini ya maneno ya Kifaransa, na lile kabati halikuonekana popote.

"Mama, ni kitu kile kile tu," alisema Papa Muhindo. "Ni sura tu imebadilika."

Mama aliinamia kioo. Alitafuta kwa muda mrefu, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na alipobonyeza asipopajua, barua yote aliyokuwa ameijaribu ikatoweka.

Njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yetu. Baba alipomsihi aombe chama kimwongezee juma moja, alisema, "Balinihamisha mu nyumba yangu, na ufunguo habakunipa. Nitaomba nini?"

Siku ya mtihani hakwenda. Kazi akapewa msichana mmoja wa mtaa wa Katindo, mpole, aliyejua Kifaransa. Alitusalimia kila alipotuona, na mama akamwitikia vizuri. Kisha mama akarudi kwenye vitenge vyake. Papa Muhindo alikuja nyumbani kumwita, akaja tena, lakini mama alimpa chai na kuzungumza naye habari za mvua.

Namfikiria mpaka leo. Juma moja tu la kukaa naye taratibu, mtu akimwonyesha kila picha ilikohamia, lingetosha. Aliyejifunza mara ya kwanza kwa wepesi ule angejifunza na mara ya pili.

Sasa ni mzee. Wajukuu wake wanabadilisha simu na kuizoea kabla chai haijapoa. Sura ya simu ikigeuka wanacheka na kuendelea. Nawaonea fahari, na wivu kidogo. Sisi tulisubiri juma zima tupate saa moja mbele ya mashine, lakini palikuwa na mwalimu aliyeketi pembeni yetu. Siku hizi mashine iko kwenye kila mfuko, na mwenye subira ya kumfundisha asiyejua simwoni.

Jumapili iliyopita mjukuu mmoja alimpa mama simu, mama amwandikie salamu dada yake aliyeko Butembo. "Tate, bonyeza tu hapo!" alimhimiza bibi yake. Mama aliutazama ule mwanga, kidole kikiwa hewani, kisha akamrudishia.

"Andika wewe," alisema. "Mimi nitakuambia maneno."