Nani Anamkanda Mzazi

Jana, rafiki yangu, nimetoka nje kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Arobaini yangu haijatimia, na kwetu Tanga ningegombezwa mpaka nirudi ndani, lakini mgombezaji yuko wapi? Mtoto nimemfunga kifuani kwa kanga, nimeshuka na lifti, nikashika barabara ya Huanshi Zhonglu kutafuta ndizi mbichi. Mbele ya mgahawa mmoja mdogo harufu ikanisimamisha. Ilikuwa tangawizi inayochemka ndani ya siki nyeusi yenye sukari. Wasukuma mizigo wakanipiga vikumbo na kunifokea kwa Kichina, nami nimeganda palepale, machozi yananitoka hadharani, mwanamke mzima.

Usinicheke. Nimehamia mji huu wa Guangzhou juzijuzi tu, nimemfuata mume, na nyumbani kila mtu anadhani nimeula. Mume wangu ni wakala, anawanunulia nguo wafanyabiashara wa Kariakoo. Akienda masoko ya nguo ya Shisanhang au Guangyuan Xilu asubuhi, simwoni mpaka jua limezama, na sasa yuko mji mwingine kabisa akifuatilia kontena. Chumba chetu kina dirisha moja, nalo linatazama dirisha la mtu mwingine. Nanyonyesha, nafua, nasubiri simu. Mama yangu alifariki mwaka jana, na bibi alimtangulia zamani. Kuna saa nakaa kitandani nikamtazama mwanangu nikahisi sina hata nguvu ya kumpenda. Nakwambia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia.

Na si mara yangu ya kwanza kuishi hapa. Nilipokuwa mtoto mdogo, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, tulikaa mtaa huuhuu wa Xiaobei, mimi na baba na mama. Ile harufu naijua tangu wakati huo. Ndiyo iliyomrudisha mama yangu duniani.

Baba alitangulia, akafanya kazi hiihii ya uwakala, kisha akatuita. Mama alifika na mimba kubwa na sanduku lililojaa pilipili manga, hiliki na doti za kanga, kama anayekwenda kukaa kwa wakwe. Tulipanga ghorofa ya nne. Chini kulikuwa na mgahawa wa tambi wa Wachina Waislamu, na tangu alfajiri tulisikia unga ukipigwa mezani, pa, pa, pa. Baadaye zilianza selotepu. Jengo zima lilikuwa la kufunga mabelo ya nguo za kusafirishwa, na selotepu ikivutwa hulia kraaa, kraaa, kutwa nzima, mpaka mama akasema mji huu unachaniwa nguo. Shule nilikuwa bado sijapata. Kazi yangu ilikuwa kuosha mchele na kuanika nguo kwenye mwanzi uliotokeza nje ya dirisha, na maji yakidondoka chini, jirani wa ghorofa ya tatu alitoa kichwa akanifokea. Alikuwa bibi wa Kikantoni, mfupi, anayekwenda sokoni na nguo za kulalia zenye maua. Hakuwahi kutusalimia. Mimi nilimwogopa kuliko mbwa.

Mama akajifungua mtoto wa kiume. Hospitali walimhudumia vizuri, wakamrudisha nyumbani wakisema mzima, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Wewe unajua kwetu mzazi anavyotunzwa. Hapikii mtu, hafagii, hagusi maji baridi. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo linafungwa mkaja, anakunywa uji wa pilipili manga mpaka atoke jasho. Na chumbani haachwi peke yake. Wanawake wanaingia na kutoka, huyu anambeba mtoto, yule analeta umbea, na katikati ya vicheko vyao mzazi anarudi kuwa mtu. Mama yangu alirudi kwenye chumba kilichokuwa na kiyoyozi, na baba aliyeshika thamosi bila kujua aiweke wapi, na mimi.

Bibi, mama yake mama, alipiga simu kutoka Tanga. Swali lake la kwanza halikuwa jina la mtoto.

"Nani anamkanda?"

"Hospitali wamesema yuko salama, mama," baba akajibu.

"Sikukuuliza hospitali. Nimekuuliza mkono wa nani."

Mwanamume hamkandi mzazi, hata kama angetaka, na kuna mambo mzazi mwenyewe hawezi kumwachia mumewe. Bibi alipenda kusema mkono mmoja haulei mwana, na siku ile alikata simu bila kuusema msemo huo. Nadhani alikuwa analia.

Mama akageukia ukuta. Sijui nikueleze vipi. Hakuwa na homa, hakupiga kelele. Alilala ubavu, uso kwenye rangi ya ukuta iliyobanduka, na hakutaka kula wala kumshika mtoto. Maziwa yakamkauka. Baba alinunua ya kopo, akanifundisha kupima kwa kijiko, kisha akaenda kazini kwa sababu wateja walikuwa wanamsubiri. Nikabaki namnywesha mdogo wangu, naye anageuza shingo, analia kisauti chembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Nikimwita mama, haitiki. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba mama yangu anatutoka huku nimeketi namtazama. Hofu ile sijawahi kuipata tena mpaka mwaka huu.

Basi siku moja mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta yule jirani na nguo zake za maua, ameshika chungu cheusi kwa vitambaa viwili. Hakunifokea. Akaonyesha kule chumbani, akabembeleza hewa kwa mikono kama anayebeba mtoto, akanikabidhi chungu, akashuka. Nikafunua. Mchuzi mweusi, mayai yamezama, mapande ya tangawizi makubwa kama vidole, na harufu tamu kali iliyojaza chumba chote.

Na mama akageuka. Kwa harufu tu, rafiki yangu. Akajiinua kwa kiwiko, akasema, "Nipe." Nikamletea bakuli na kijiko mbiombio. Baba alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akasimama mlangoni, akanusa, akakitazama kile kijiko kilichokuwa kimeshafika mdomoni.

"Weka chini, mama watoto. Hiyo miguu ya nguruwe."

Mama akakishusha kijiko taratibu.

"Ungeniacha nisijue," akasema.

Akarudi ukutani.

Baba alikishusha chungu ghorofa ya tatu, kimejaa vilevile. Alijaribu kueleza kwa Kichina chake cha dukani, chenye bei na rangi na saizi, kisicho na neno hata moja la kumshukuru mwanamke mzee kwa chakula usichoweza kukila. Nilikuwa nimejificha nyuma yake. Jirani alikipokea chungu chake, akakitazama, akamtazama baba, akafunga mlango polepole. Ningependa angeubamiza.

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote. Mtoto alipungua, miguu ikawa myembamba. Baba alitaka kuturudisha Tanga, lakini mtoto hakuwa na pasipoti, na mama hakuweza hata kusimama bafuni. Asubuhi moja mama akaniita mimi, si baba. Nikasogea nikidhani anataka maji. Akasema bila kugeuka, "Mtafutieni mtu wa kumlea." Nikauliza, "Wewe je?" Akavuta shuka mpaka kichwani. Nilikwenda jikoni nikaosha mchele uleule tena na tena, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua.

Nipo hapo kwenye sinki, mlango ukagongwa tena.

Alikuwa jirani. Safari hii alikuwa na mwenye mgahawa wa tambi, mama mmoja wa makamo aliyevaa ushungi, na ndiye aliyetoa salamu, "Asalaam alaikum," kwa lafudhi yake. Kumbe jirani alikwenda kumuuliza tumekataa kwa nini, naye akamweleza kwamba Waislamu hatuli nguruwe. Jirani akaninyooshea mfuko wa plastiki niuone: kuku, ametoka kwenye bucha ya Waislamu. Kisha chungu. Hakikuwa kile cheusi. Kilikuwa kipya, karatasi ya duka bado imebandikwa ubavuni. Alielewa, bila ya sisi kumwambia, kwamba hata chungu chenyewe kisingefaa.

Akaingia. Kitu cha kwanza akazima kiyoyozi, akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyekiwasha. Bibi yangu angefanya hivyohivyo. Akafunga dirisha, akachemsha maganda ya tangawizi kwenye sufuria letu kubwa, akakunja mikono ya nguo zake za maua, akaketi kitandani nyuma ya mama. Akalichovya taulo, akalikamua, akaliweka mgongoni. Mama alishtuka. Jirani akasema neno moja la Kikantoni, zito, lile ambalo mtu mzima humwambia mtoto anayefurukuta, kisha akaanza kumkanda. Alianzia shingo, akashuka mgongo, akaja kiunoni akakandamiza kwa viganja, hasa pale ambapo bibi yangu angekandamiza. Nani alimfundisha? Mwenye mgahawa baadaye alimweleza baba kwa ishara kwamba kwao pia mzazi anawekwa ndani mwezi mzima, anakandwa, anafungwa tumbo. Sisi tulikuwa tumepanda ndege mpaka mwisho wa dunia, tukakuta mkono uleule.

Mama akaanza kulia. Si kile kilio cha kimyakimya. Alilia kwa sauti, alimlilia mama yake, selotepu za jengo zima zikawa hazisikiki. Nikataka kukimbilia kwake, mwenye mgahawa akanishika bega. Jirani hakuacha kukanda, wala hakumbembeleza. Mama alipochoka kulia akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Mwanangu yuko wapi? Nileteeni."

Nilimbeba mimi mwenyewe kumpeleka. Hakuna kitu kizito nimewahi kubeba chenye wepesi kama kile.

Jirani alipanda kila siku baada ya hapo. Maziwa yalirudi kidogokidogo, kwa supu ya samaki na papai bichi ambayo alimsimamia mama mpaka amalize, na mama akamwonjesha uji wa pilipili manga, jirani akakohoa mpaka tukacheka. Hatukuwa na lugha. Bibi alipopiga tena na kuuliza mkono wa nani, mama alichukua simu mwenyewe, akasema, "Nimepata mtu." Arobaini ilipotimia mama akatoa doti ya kisutu sandukuni, ile kanga ya harusi aliyowekewa na bibi. Akaikata katikati. Nusu akamvika jirani mabegani, nusu akabaki nayo. Kwetu wanawake waliogawana doti wamekuwa ndugu, na jirani nadhani alielewa, maana tangu hapo aliitundika mlangoni kwake kama pazia, tukipanda ngazi tunaiona. Mwaka uliofuata vibali vya baba viliisha, tukarudi Tanga. Mdogo wangu sasa ni mrefu kuliko mimi, na ukimsimulia haya anaangalia simu.

Nusu ile ya mama ndiyo ninayombebea mwanangu. Kwa hiyo jana, baada ya ile harufu, sikurudi chumbani. Nilifuta uso nikalitafuta jengo letu. Lipo. Mgahawa wa tambi hakuna, wanauza makava ya simu. Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, nyonga zinaniuma, moyo unanienda mbio kama mtoto anayekwenda kushtakiwa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani ni maboksi mpaka dari, na kijana mmoja anavuta selotepu. Nikamwonyesha kisutu kilichomfunga mtoto, nikaonyesha mlango, nikaonyesha mwanamke mfupi kwa mkono.

"Mei you," akasema. Hakuna. Nikamwonyesha tena. "Mei you, mei you." Akaendelea na boksi lake.

Nilirudi chumbani nikazima kiyoyozi. Nikafunga dirisha, nikachemsha maganda ya tangawizi, nikamlaza mtoto, nikachovya taulo na kulikamua. Nilijikanda miguu. Nilijikanda tumbo nikalifunga kwa kisutu cha mama. Kisha nikajaribu mgongo, mkono ukaishia kwenye mbavu. Nikajaribu kwa mkono mwingine, nao ukaishia palepale, na taulo likaanza kupoa.