Jina Nisiloweza Kuliita

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika sokoni nimesafiri. Nikienda kwetu Gairo naaga majirani kama ninayehama. Kwa hiyo mimba ilipokuwa kubwa nilikuwa na muda mwingi wa kukaa barazani hapa Mwembesongo, nikisikiliza wenzangu wakiita watoto wao, na kila jina lilinikera. Yote mapya, yote yanang'aa, yametoka kwenye tamthilia. Ukiuliza maana yake, mama mtu anakujibu, "Si linapendeza tu."

Nikaapa wangu atapewa jina la zamani, lenye mfupa ndani. Na nilikuwa nalo: jina la mama mkwe wangu. Alizaliwa juu huko milimani mwaka ambao mvua ilichelewa mpaka watu wakakata tamaa, ikanyesha siku aliyozaliwa. Kiluguru kinayasema yote hayo kwa neno moja. Nikamwandikia mume wangu kwenye simu. Akarudi jioni anacheka.

"Kuandika umeandika. Haya, litamke."

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Kwetu jina la mkwe halitajwi. Mama alinifunza hivyo kabla sijajua kusonga ugali: ukilitaja umemvua nguo. Nimesoma mpaka kidato cha nne, naweza kukutajia sehemu zote za ua kwa Kiingereza, lakini hilo moja ulimi haukubali. Nilijaribu jikoni, peke yangu, mlango nimeufunga. Silabi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikagoma.

"Basi tuchague jingine," mume wangu akasema.

"Thubutu!" Barazani nilishatangaza kwamba mwanangu anakuja na jina zito. Ningerudi kwao na lipi?

Mtoto akazaliwa, wa kike. Wiki zikapita anaitwa "mtoto". Kwenye kadi ya kliniki mahali pa jina palibaki peupe, nami nikawa sikai. Nafagia palipofagiwa, natoka mlangoni, narudi. Nikimwangalia amelala naona aibu, kama nimemkaribisha mgeni halafu simtambulishi kwa mtu.

Mama mkwe akashuka na mkungu wake wa ndizi, akanisindikiza kliniki. Njiani akatupa neno bila kunitazama.

"Nasikia kuna mtu kalitamani jina langu. Mdomo anao?"

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa asubuhi hiyo tulishaamkiana mara mbili.

Nesi akafungua kadi. "Mtoto anaitwa nani?"

"Jina la bibi yake."

"Bibi yake nani?"

"Huyu hapa."

"Na huyu hapa anaitwa nani?"

Nikakohoa. Benchi zima likageuka. "Jamani, mwenzetu kasahau jina la mwanawe!" mmoja akapayuka. Mama mkwe alikuwa anasoma bango la malaria ukutani, na kusoma hajui.

Mwisho nikaomba kalamu. Niliandika herufi mojamoja, kubwa, jasho linanitoka kama niko kwenye mtihani. Nesi akaichukua kadi, akalisoma kwa sauti ile ya kuita watu wa foleni.

"Abee!"

Alikuwa mama mkwe. Sauti nyembamba, ya binti aliyeitwa akiwa mtoni, na alishasimama kabla hajajua amesimama. Benchi likaangua kicheko. Na yeye akacheka, akaketi, akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Tangu mama yangu afe," akaniambia chini chini, "mimi ni mama wa huyu, bibi wa yule. Nilidhani nimelizika naye."

Siku ya tatu akarudi milimani. Mtoto sasa anatambaa, na hatulii, sijui kamrithi nani. Juzi alishika njia kuelekea jiko la mkaa. Nikafungua mdomo nimwite kwa jina lake, lile nililolipigania. Silabi ya kwanza ikatoka.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Bibi, jiko!"

Mtoto akasita, akageuza shingo, akanitazama kwa macho yaleyale ya kusoma bango.

"Jina zito kweli," majirani wakanichoma kutoka barazani. "Hata aliyelichagua limemshinda kubeba!"

Nikamnyanyua, nikaingia naye ndani, nikafunga mlango, nikajaribu tena.